Meno yangu mawili ni mazima. Kwa nini yachongwe kwa ajili ya pengo moja?

SWALI

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina umri wa miaka 34 na nimeolewa. Miezi mitano iliyopita nilianguka na bodaboda, na jino langu la juu la mbele, la pili kutoka katikati upande wa kulia, liling'oka lote pamoja na mzizi wake. Wasamaria wema walinikimbiza hospitali nikashonwa mdomo, na hakuna aliyelikumbuka jino lililobaki barabarani. Jeraha limepona vizuri, lakini pengo limebaki.

Nafundisha kusoma na kuandika katika darasa la kwanza na la pili. Watoto hunitazama mdomoni ninapowatamkia sauti, na tangu ajali ile, nikisema "sisimizi" au "sufuria", hewa hupenya kwenye pengo na kutoa mluzi. Baadhi ya watoto wameanza kutamka kama mimi, wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Nimejizoeza kuufunika mdomo kwa ncha ya mtandio, jambo ambalo kwa mwalimu wa kusoma ni sawa na kutofundisha.

Nilikwenda katika kliniki moja ya meno mjini. Daktari alinipiga eksirei, akanishauri niwekewe daraja: atalichonga jino la katikati na lile la chonge, ayavike kofia za kauri, na baina yake likae jino bandia. Mwenyewe alisema kwamba meno hayo mawili ni mazima kabisa, hayana hata tundu. Nilishtuka. Tena gharama aliyonitajia ni ya vipande vitatu, ilhali nilichopoteza ni jino moja. Aliongeza kwamba hata pengo la gego la chini kushoto, nililong'olewa nikiwa chuo cha ualimu, lingefaa kuwekewa daraja. Huko gego la nyuma ya pengo lina kizibo kikubwa, na lile dogo la mbele yake liliwahi kutibiwa mzizi.

Wifi yangu ana daraja la miaka sita, na siku hizi linatoa harufu. Anasema upande mmoja unacheza kidogo, ingawa haumi. Yeye ananikataza katakata. Shangazi naye amenielekeza kwa mtu anayebandika meno nyumbani kwake, kwa siku moja na kwa bei ndogo mno. Harusi ya mdogo wangu imepangwa Mfunguo Mosi, miezi miwili ijayo, na kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa, mama hataki nisimame mbele ya wageni na pengo. Mume wangu hana neno juu ya jino, ila hulalamika kwamba ninasaga meno usingizini.

Naomba ushauri wako, daktari. Je, nikubali meno mazima yachongwe, au kuna njia nyingine? Na nikitafuta maoni ya daktari wa pili, nitakuwa nimemvunjia heshima yule wa kwanza?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, Mwalimu, na pole sana kwa ajali. Barua yako ina maswali kadhaa yaliyofungamana, lakini lililo zito kuliko yote ni hilo la kuchongwa meno mazima, kwa hiyo nalijibu kwanza. Kwa pengo la mbele, usikubali kuchongwa kabla hujapimwa kama unafaa kuwekewa daraja la aina nyingine, ambalo halidai meno ya jirani yachongwe hivyo. Kwa pengo la gego la chini, ushauri wa daktari wako una hoja nzuri. Huenda ukashangaa kwamba napinga daraja la kuchonga meno mbele na kulikubali nyuma katika mdomo huohuo. Sababu ni kwamba uamuzi wa kuweka daraja hautokani na pengo, bali na hali ya meno yanayopakana nalo.

Daraja la kawaida hushikiliwa na meno mawili ya jirani, ambayo huchongwa pande zote, kwa kina cha milimita 1 hadi 2, ili kofia za kauri zipate mahali pa kukaa bila kufanya meno yaonekane manene. Milimita moja na nusu husikika kuwa kitu kidogo, mpaka utakapokumbuka kwamba jino la mbele lenyewe ni jembamba: vipimo vilivyofanywa maabarani vimeonyesha kwamba kuliandaa jino la mbele kwa kofia kamili huondoa zaidi ya nusu ya sehemu yake inayoonekana mdomoni. Kinachobaki ni kisiki. Enameli, lile gamba gumu la nje, haioti tena, kwa sababu seli zilizoitengeneza hutoweka jino linapochomoza. Kwa hiyo jino lililochongwa namna hiyo litahitaji kofia kwa maisha yote, na kila kofia itakapochakaa, itabidi itengenezwe nyingine juu ya kisiki hichohicho.

Daktari wako hakukudanganya. Daraja la kawaida ni tiba ya siku nyingi inayoheshimika, na tafiti zilizojumuisha matokeo ya wagonjwa wengi zinaonyesha kwamba karibu madaraja tisa kati ya kumi huwa bado yamo mdomoni baada ya miaka 10. Hata hivyo, tafiti hizohizo zinaonyesha kwamba katika muda huo karibu jino moja katika kila kumi kati ya yale yaliyobeba daraja hufa kiini, yaani mshipa wake wa ndani, likahitaji kutibiwa mzizi. Mtu wa miaka 70 anaweza kuipima hatari hiyo na kuiona ndogo. Wewe una miaka 34. Daraja utakalowekewa leo halitakuwa la mwisho, na kila linapobadilishwa, meno yale mawili yatakuwa yamepungua nguvu zaidi.

Njia ninayotaka uiulizie inaitwa daraja la Maryland, kwa kuwa iliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jino bandia hutengenezwa likiwa na bawa jembamba ubavuni, na bawa hilo hugandishwa kwa gundi maalumu nyuma ya jino la jirani, upande wa ulimi, ambako mtu hawezi kuliona. Jino la jirani huguswa kidogo sana, pengine kwa kulainishwa tu sehemu ya enameli, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Pengo lako, jino la pili kutoka katikati, ndilo pengo linalofaa zaidi kwa daraja la namna hii, kwa kuwa jino lenyewe ni dogo na halibebi uzito mkubwa wa kutafuna.

Hapa kuna jambo moja ambalo watu wengi hudhani ni kinyume. Zamani daraja la Maryland liliwekwa mabawa mawili, moja kila upande, kwa imani kwamba litashika zaidi. Meno mawili, hata yakiwa jirani, hayatikisiki kwa namna moja mtu anapotafuna; kila moja huenda upande wake, na mvutano huo hulibandua bawa moja huku la pili likiendelea kushika. Mgonjwa haoni chochote, kwa sababu daraja halijadondoka, lakini chini ya bawa lililoachia mate na mabaki ya chakula huingia, na jino huoza kimyakimya. Daraja la bawa moja likibanduka, hutoka lote, unalishika mkononi na kulipeleka kwa daktari aligandishe upya, na jino lililokuwa limelibeba bado ni zima. Matokeo ya madaraja ya zamani ya Maryland yalikuwa dhaifu, takriban mawili kati ya matatu kufika miaka 10, na ndiyo sababu baadhi ya madaktari hawayaamini hadi leo. Lakini madaraja ya mbele ya bawa moja yaliyotengenezwa kwa zirkonia, aina ya kauri ngumu, na kufuatiliwa katika Chuo Kikuu cha Kiel, Ujerumani, yalidumu miaka 10 kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo ukiulizia, taja bawa moja.

Sasa nirudi kwenye jambo ulilolitaja pembeni, ambalo mimi naliona kubwa: kusaga meno usingizini. Mtu anayesaga meno huyabana kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko anavyotafuna, na bawa la daraja la Maryland hukaa mahali palepale ambapo meno ya chini hugusa nyuma ya meno ya juu. Muombe daktari akutazame ukiwa umeuma meno pamoja, kisha ukiyasogeza ya chini kulia, kushoto na mbele. Ikiwa hakuna nafasi ya bawa, au kama meno yako ya chini yanapanda sana nyuma ya yale ya juu, itabidi afikirie upya. Ikiwa nafasi ipo, nakushauri utengenezewe pia kinga ya usiku, yaani kipande cha plastiki ngumu kinachovaliwa juu ya meno wakati wa kulala. Atakayekuwekea daraja la aina yoyote bila kukuuliza habari ya kusaga meno atakuwa ameacha swali muhimu, na kama hakukuuliza, mwambie mwenyewe.

Kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayopandwa kwenye mfupa wa taya na kuvikwa jino, nacho huyaacha meno ya jirani salama, na kikishika vizuri hudumu miaka mingi. Hata hivyo, gharama yake kwa kawaida ni kubwa kuliko njia nyingine, huhitaji upasuaji mdogo na miezi kadhaa ya kusubiri mfupa uungane na titani, na kwa jino lililong'oka kwa ajali mara nyingi ukuta wa mbele wa mfupa huwa umevunjika au umenywea. Mfupa wa pengo hupungua upana kwa takriban nusu katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo, ambayo kwako imekwisha kupita. Sisemi haiwezekani, nasema itahitaji kipimo cha mfupa na fedha za kutosha. Uzuri wa daraja la Maryland ni kwamba halikufungii njia hiyo: ukipata uwezo baada ya miaka mitano, linabanduliwa na kipandikizi kinafikiriwa, huku meno ya jirani yakiwa bado yako.

Harusi isikukimbize. Kwa miezi miwili hiyo, na hata zaidi, unaweza kuvaa jino la muda lililoshikizwa kwenye kipande chembamba cha akriliki, aina ya plastiki, kinachokaa kaakaani, la kuvaa na kuvua. Maabara ya meno hulitengeneza kwa siku chache baada ya daktari kuchukua kipimo, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na daraja. Siku za mwanzo utaona ulimi unakwama na sauti ya "s" inazidi kuharibika. Soma kwa sauti nyumbani kila jioni, hasa maneno yaleyale unayofundisha, na kwa kawaida ulimi huzoea katika muda wa wiki moja au mbili. Livue unapolala, lisugue kwa mswaki na sabuni ya kawaida, uliloweke katika maji safi yasiyo ya moto. Kwa kuwa Ramadhani iko kabla ya harusi, na kuchukua kipimo huhitaji kusukutua mara kadhaa, omba miadi kabla mwezi haujaandama.

Kwa yule anayebandika meno nyumbani kwake, Mwalimu, nakuomba usiende, na umweleze shangazi sababu. Wanachofanya watu hao ni kuumba jino kwa akriliki mbichi palepale mdomoni na kuligandisha kwa meno ya jirani, wakati mwingine kwa msaada wa waya. Akriliki hiyo hutoa joto na kemikali inayochoma fizi inapokuwa inakauka, na ikishakauka hushikamana na meno mazima na kuifunika fizi, kiasi kwamba mswaki haufiki. Mgonjwa hufika kwetu baadaye fizi ikiwa imevimba na kutoa damu ikiguswa tu, na tunapolitoa jino lile kwa kulikata kidogo kidogo, tunakuta meno yaliyolishikilia yameoza shingoni. Hakuna eksirei inayopigwa, na usafi wa vifaa hauna wa kuukagua. Kwa Tanzania Bara, daktari wa meno anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na una haki ya kumwomba yeyote akuonyeshe usajili wake.

Wifi yako naye asisubiri. Daraja linalocheza upande mmoja na kutoa harufu, kwa sehemu kubwa, limeachia saruji ya meno, yaani gundi inayolishika, upande huo, na kutouma si dalili njema, kwa kuwa huenda jino la chini yake limekwisha kufa kiini. Daktari atalibonyeza daraja kwa kidole, na kutazama kama vipovu vya mate vinajitokeza ukingoni mwa kofia. Vikijitokeza, kofia imeachia. Likiwahiwa, mara nyingine jino huokolewa. Amweleze pia kama amewahi kufundishwa kusafisha chini ya jino bandia, maana wengi hawafundishwi. Mswaki wa kawaida haupiti pale. Huhitajika uzi wa meno wenye ncha ngumu, ambao huchomekwa baina ya daraja na fizi, kisha husuguliwa taratibu mbele na nyuma kila usiku, au mswaki mdogo sana wa kupenya baina ya meno. Harufu nyingi za madaraja hutokana na sehemu hiyo isiyofikiwa.

Nije kwenye gego la chini. Gego lenye kizibo kikubwa na gego dogo lililotibiwa mzizi ni meno ambayo yamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mwili wake, na jino la nyuma lililotibiwa mzizi huhitaji kofia hata kama pengo lisingekuwapo, kwa sababu hupasuka kwa urahisi. Ukiyavika kofia na kuyaunganisha kwa daraja, unayalinda na kuziba pengo kwa kazi moja. Hapo kuchonga hakupotezi kizuri. Lakini pengo lako ni la miaka mingi. Muulize daktari kama gego la nyuma limeinama mbele kuelekea kwenye pengo, kwa kuwa meno mawili yasiposimama sambamba daraja haliwezi kuingia bila kulichonga moja kupita kiasi. Muulize vilevile kama gego la juu limeshuka kulifuata pengo, na kama tiba ya mzizi iliyofanywa zamani bado ni nzuri kwenye eksirei. Daraja jipya juu ya mzizi wenye uchafu ni hasara. Hili halina haraka; litangulie la mbele, kwa kuwa ndilo linalokutesa darasani.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, niruhusu niongeze neno kuhusu lile jino lililobaki barabarani. Mtoto akianguka uwanjani na jino la ukubwani likang'oka zima, lishike sehemu ile inayoonekana mdomoni, si kwenye mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa sekunde chache kwa maziwa au maji safi bila kulisugua, ulirudishe kwenye tundu lake na mtoto aume kitambaa. Ikishindikana, liweke ndani ya maziwa, na mtoto afikishwe kwa daktari wa meno ndani ya saa moja, ikiwezekana nusu saa. Meno ya utotoni hayarudishwi. Waambie walimu wenzako, na yule anayetunza kisanduku cha huduma ya kwanza.

Kuhusu heshima, kutafuta maoni ya pili hakumvunjii daktari heshima. Tena ningependelea urudi kwanza kwa huyohuyo, kwa sababu amekwisha kukupima, alikuambia ukweli kwamba meno ni mazima, na eksirei anazo. Mwambie: "Daktari, naogopa kuchongwa meno mazima. Je, nafaa kuwekewa daraja la Maryland la bawa moja, na kama sifai, ni kwa sababu gani?" Daktari anayeijua kazi yake atakueleza sababu ukamwelewa. Kuhusu bei ya vipande vitatu, hakukuonea. Daraja huhesabiwa kwa idadi ya vipande, na kofia mbili na jino moja ni vipande vitatu, ilhali daraja la bawa moja ni kazi ndogo kuliko hiyo. Omba gharama zote ziandikwe, pamoja na kinga ya usiku na ile ya kuligandisha upya likibanduka, na kama una bima, waulize kabla ya kuanza, kwa kuwa bima nyingi hulipia kung'oa na kuziba lakini hazilipii meno bandia ya kudumu.

Ikiwa hapo mjini hakuna anayeifanya kazi hiyo, omba barua ya rufaa kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi kina skuli ya meno na wataalamu wa meno bandia, na uchukue nakala ya eksirei zako. Safari hiyo inaweza kusubiri likizo ya shule. Jino la muda litakufikisha.